Filamu ya Dhiki na Haki ya Anayeonyeshwa

Filamu inayosimulia maisha ya dhiki, ikishapata tuzo na kusifiwa huku na huko, hupokewa kwa namna mbili zisizopatana. Wapo wanaotoka ukumbini wakifuta machozi na kusema wameguswa. Wapo wanaotoka wamenuna, wakisema wamedhalilishwa. Mara nyingi wa kwanza ni watu ambao maisha yale hawajayaishi, na wa pili ni wale wanaoyaishi au waliotoka humo juzi tu. Ndani ya mgongano huo limo swali la maadili lililo kongwe kuliko sinema yenyewe: je, mateso ya mtu yanaweza kufanywa tamasha bila mtu huyo kudhulumiwa? Na anayeyalilia mateso hayo akiwa kwenye kiti chake ametenda wema, au amestarehe?

Mabibo, jijini Dar es Salaam, ni mahali panapofaa kuliangalia swali hilo kwa karibu. Kata hii, iliyomegwa kutoka Kinondoni na sasa imo katika Manispaa ya Ubungo, haina sura moja. Kuna hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, sekondari ya Loyola ya Wajesuiti, viwanda vya eneo maalumu la kiuchumi la Benjamin William Mkapa, na soko la ndizi linaloitwa Mahakama ya Ndizi. Katikati ya hayo zimo nyumba za kupanga: vyumba sita au nane, choo kimoja uani, na luku moja inayogombaniwa na wapangaji wote. Ukumbi wa sinema wa kisasa uko kwenye jengo la maduka la Mlimani City, mwendo mfupi kwa daladala, lakini tiketi, soda na bisi kwa mtu mmoja ni fedha inayoweza kuilisha familia. Kwa hiyo wengi hutazama picha kwenye kibanda umiza.

Kibanda umiza ni chumba cha bati au mabanzi chenye mabenchi, runinga au projekta, spika kubwa na feni moja inayozungusha joto lile lile. Nje kuna ubao wa chaki wenye mechi za siku na majina ya picha. Mtazamaji wa humo hanyamazi. Stelingi huonywa kwa sauti kwamba adui kajificha nyuma ya mlango, mke aliyesalitiwa hupewa ushauri, na mwongo huzomewa hadi anatoka kwenye kioo. Kwa miaka mingi picha za kigeni zimeingia humo zikiwa zimetafsiriwa na ma-DJ kama Lufufu na DJ Mark, ambao hawakuishia kugeuza maneno: walieleza mila za watu wa mbali, wakatia utani, wakamhukumu mhusika. Mtu aliyekulia kwenye utaratibu huo anaichukulia picha kama mazungumzo, naye ana haki ya kujibu.

Picha ya dhiki iliyosifiwa nje ikifika hapo, pengine kwa flashi na miaka kadhaa baada ya tuzo zake, hupimwa kwanza kwa vitu vidogo. Mama anaonyeshwa analia usiku kucha kwa sababu mtoto hana dawa, na kunapokucha hakuna jirani hata mmoja anayebisha hodi. Hapo kibanda kizima huuliza: majirani wako wapi? Swali hilo ni uhakiki wa kweli na linastahili kuchukuliwa kwa uzito uleule wa uhakiki wa majarida. Umaskini wa uswahilini una mchezo wa kupeana fedha kila wiki, una vikoba, una mchango wa msiba unaoandikwa kwenye daftari, una unga wa mkopo dukani kwa Mangi. Una ugomvi pia, na umbea, na mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwongozaji anayeyaondoa yote hayo ili abaki mtu mmoja na machozi yake amekwisha kusema uongo, hata kama kila tone la tope kwenye picha yake ni la kweli.

Aristotle, katika kitabu chake cha ushairi, alitaja hisia mbili zinazoamshwa na tanzia: huruma na hofu. Huruma humwendea mtu aliyepatwa na mabaya asiyostahili. Hofu huja pale anayepatwa anapofanana na mtazamaji. Aliziweka pamoja, na watazamaji wake walikaa ukumbi mmoja. Katika jiji lililogawanyika hisia hizo hugawanyika nalo: anayetazama kwenye kiti cha sponji Mlimani City hupata huruma, na anayetazama kwenye benchi Mabibo hupata hofu. Wa kwanza anamlilia mtu mwingine. Wa pili anajiona mwenyewe akifukuzwa chumbani, na mtu aliye katika hali hiyo halii. Hucheka kwa nguvu, hutoka nje kununua maji, au humkasirikia aliyetengeneza picha. Wahakiki wanaosema watu wa chini hawajui kuthamini sanaa nzito wameshindwa kuutambua upande wa pili wa mizani ya Aristotle.

Kwa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga. Ilitokana na mradi wa Mjerumani Tom Tykwer na kampuni yake ya One Fine Day Films, kwa kushirikiana na Ginger Ink ya Nairobi. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD huku akiigiza vipande vya mapigano mbele ya wateja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anatupwa mahabusu, na anatokea kwenye kundi la wezi wa vipuri vya magari. Mchana anafanya mazoezi ya tamthilia na watu wa mjini, usiku anafungua taa za magari ya watu.

Ndani ya mahabusu Mwas analazimishwa kusafisha choo kilichojaa uchafu usioelezeka. Kamera haikwepi. Lakini kijana yule anaigeuza kazi ile kuwa onyesho, na mahabusu wenzake wanamkubali. Hapo mtazamaji wa ukumbi wa kifahari huziba pua na kuona kinyaa. Mtazamaji wa kibandani, anayejua vyoo vya kuchangia, huona ujanja wa mtu aliyekataa kuvunjika. Tukio moja, watu wawili, na filamu ikawa na nafasi kwa wote wawili. Nchini Kenya filamu hiyo ilijaza kumbi, na hata hivyo lawama zilikuwapo: kwamba kwa mara nyingine Nairobi imeonyeshwa kama jiji la vibanda na bastola, tena kwa fedha za Ulaya. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi. Miaka saba kabla, The Constant Gardener ilikuwa imeipitisha Kibera mbele ya macho ya dunia kama mandhari ya huzuni za Waingereza wawili, na Rachel Weisz akapata Oscar yake mwaka 2006.

Mashaka juu ya machozi ya ukumbini yana historia ndefu katika fikra za dini. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, alikumbuka katika Maungamo yake jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza alipokuwa mwanafunzi Carthage. Kilichomsumbua baadaye ni kwamba mtu hutafuta kwa hiari huzuni ambayo asingetaka impate, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyofurahi na kumsifu mwigizaji. Huruma ya aina gani hiyo, aliuliza, ambayo haimwiti mtu aende kusaidia, inamwalika ahuzunike tu? Ni jambo la kutafakarisha kwamba Tunis, iliyo jirani na magofu ya mji huohuo, ndiko lilikoanzishwa mwaka 1966 Tamasha la Filamu la Carthage, ambako hadi leo filamu za Kiafrika hupokea tuzo. Mwaka 1758 Rousseau aliliongezea swali la Augustino makali ya kijamii: anayelia mbele ya jukwaa hujiona amelipa deni lote la ubinadamu bila kutoa chochote, na akitoka nje akakutana na mwenye shida halisi humwona ni usumbufu.

Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa kama Mabibo, wana mlango mwingine wa kuingilia. Mafundisho kuhusu ghiba yanasema kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, hata kama jambo hilo ni la kweli. Likiwa la uongo huwa ni kosa kubwa zaidi, la uzushi. Hukumu hiyo inamnyima mwongozaji wa filamu utetezi anaoupenda kuliko wote, kwamba alichoonyesha ndivyo kilivyo. Pembeni ya ghiba kuna sitara: anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa na Mungu. Na Suratul-Baqara, katika aya ya 273, inawataja maskini ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba. Aya hiyo inaeleza jambo linaloonekana kila asubuhi kituo cha daladala: mtu aliyelala bila kula, lakini shati limepigwa pasi na viatu vimefutwa. Pasi ile ni kazi ya heshima. Kamera inayomfuata hadi chumbani ili ionyeshe sufuria tupu imeibomoa kazi ya mwenyewe aliyoifanya usiku.

Kama mafundisho yangeishia hapo, filamu yoyote ya dhiki ingekuwa dhambi, na dhuluma ingefurahi kusitiriwa. Hayaishii hapo. Aya ya 148 ya Suratun-Nisaa inasema Mungu hapendi mabaya yatangazwe kwa maneno, kisha inamtoa mmoja katika katazo hilo: aliyedhulumiwa. Imamu an-Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13, ameeleza katika Riyadhu Swalihina sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu, na ya kwanza ni mdhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhuluma. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na wako sahihi. Ruhusa ipo, ila ina masharti mawili: msemaji awe aliyedhulumiwa au anayesema kwa niaba yake kwa ridhaa yake, na maneno yaelekezwe kwa mwenye uwezo wa kutenda. Filamu inayotimiza hayo ni mashtaka. Isiyoyatimiza, hata ikipigwa kwa kamera nzuri namna gani, iko upande wa umbea.

Tanzania iliupata mtihani huo kwa ukali mwaka 2006. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, kutoka Austria, si filamu ya kuigiza bali ya matukio halisi, ila mapokezi yake yanafundisha jambo lilelile. Ilionyesha Mwanza: minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakianikwa kwenye chanja huku mabuu yakitambaa chini, kwa ajili ya wenyeji. Ilipata tuzo ya filamu bora ya matukio halisi ya Ulaya mwaka 2004, César ya Ufaransa mwaka 2006, na ikateuliwa kuwania Oscar. Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwamba imedanganya, Sauper akamshtaki kwa kumkashifu, na mahakama ikampa Sauper haki.

Katika mzozo ule pande mbili zilichanganya maswali mawili. Watetezi wa filamu waliuliza kama mapanki huliwa, na jibu ni kwamba huliwa. Wapinzani waliuliza kama ni heshima kumwonyesha Mtanzania mbele ya Wazungu akiwa na mapanki. Serikali ilijiweka mahali pa aliyevunjiwa sitara, hali ya kuwa sitara ni haki ya mama anayeonyeshwa kwenye chanja, wala haikabidhiwi dola iliyopaswa kujibu kwa nini minofu inapita juu ya kichwa chake. Upande wa pili, tuzo zilitolewa Ulaya, na yule mama hakuwa miongoni mwa walioulizwa kama picha ile ni yake. Rais na mwongozaji walibishana juu ya mtu ambaye hakupewa kipaza sauti. Hilo ndilo kosa zito zaidi katika kisa kizima, na ni la wote wawili.

India imepitia mabishano haya mapema zaidi, na watu wa Pwani wanazijua picha zake kwa moyo. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno katika kumbi za Zanzibar na Dar es Salaam. Ndani yake jaji anaamini kwamba mwana wa mwizi lazima awe mwizi, na filamu nzima inampinga kwa kumtia mtoto wake mwenyewe katika mtaa wa dhiki. Mother India ya mwaka 1957 inamwonyesha Radha, mkulima aliyeachwa na mumewe na anayenyanyaswa na mkopeshaji, ambaye mwishoni anampiga risasi mwanawe ili kulinda heshima ya msichana wa kijiji. Njaa imo katika picha hizo, tope limo, mwana wa maskini anaiba mkate. Lakini hakuna aliyetoka akisema ametukanwa. Sababu inaonekana wazi: Radha anachagua. Ana sheria yake, na dhiki haijamnyang'anya uwezo wa kuhukumu jema na baya, hata linapomgharimu mtoto.

Nargis, aliyeigiza katika picha zote mbili, ndiye aliyesimama bungeni India mwaka 1980 kumlaumu Satyajit Ray kwamba anauza umaskini wa nchi kwa watu wa Magharibi. Alimwonea Ray. Pather Panchali ya mwaka 1955 ina bibi kikongwe, ina ndugu wawili wanaokimbilia kuona gari-moshi, na ina majirani tele. Lakini hofu ya Nargis ilipata mahali pake miaka 29 baadaye, Slumdog Millionaire ya Danny Boyle ilipochukua Oscar nane mwezi Februari 2009 wakati watu wa Patna na Mumbai walikuwa wameandamana kupinga jina lililowaita mbwa wa mtaa wa mabanda. Mtoto wa filamu hiyo anatumbukia katika shimo la choo ili apate saini ya Amitabh Bachchan. Kwa Mwas, choo kilikuwa mahali pa kushinda. Kwa mtoto huyu ni kichekesho cha mtazamaji, na kinachomwokoa baadaye ni bahati ya mchezo wa maswali. Mei 2009 kibanda cha familia ya mmoja wa watoto walioigiza kilibomolewa na mamlaka za mji. Watengenezaji walikuwa wameanzisha mfuko wa kuwasomesha na kuwapa makazi, jambo la heri. Lakini mtoto aliyepita kwenye zulia jekundu alirudi kulala mahali palepale palipompatia mwongozaji sanamu yake.

Biblia ina kisa kinachoonyesha simulizi ya umaskini inavyopaswa kufanya kazi. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi na kumsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja, aliyemlea kama binti, na tajiri aliyemnyang'anya ili amchinjie mgeni. Daudi anaguswa, anawaka hasira, anatoa hukumu. Ndipo Nathani anamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Simulizi ilikuwa na kila kitu cha kuamsha hisia, na hisia zikaamka, lakini hazikuachwa ziwe mwisho. Filamu nyingi za dhiki zinazotukuzwa zinaishia mahali ambapo Daudi bado anamhurumia mwenye kondoo, na hapo ndipo Nathani anapewa tuzo. Nairobi Half Life, katika dakika zake za mwisho, ilijaribu kwenda mbele zaidi: Mwas anatoka kwenye mauaji ya wenzake, anapanda jukwaani kumwigiza mwizi, na maneno yake yanawageukia watu wenye nafasi waliokaa ukumbini. Kwa sababu hiyo filamu ile inastahili sifa zake, pamoja na kasoro ya kurudia bastola na vibanda.

Kutokana na haya, kipimo kimoja kinaweza kusimama: je, filamu hii ilitengenezwa kwa kudhani kwamba wanaoonyeshwa watakuwapo ukumbini, na wataruhusiwa kusema? Amil Shivji alipoitengeneza T-Junction, iliyofungua tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, mwaka 2017, wachuuzi wa Dar es Salaam waliomo hawakuwekwa kama mandhari. Wana njia panda yao, wana visa vyao, na wanasimuliana wao kwa wao kwa Kiswahili. ZIFF yenyewe, mbali na maonyesho ya Ngome Kongwe, imekuwa na desturi ya kupeleka picha vijijini Unguja na Pemba, ambako pazia hutundikwa uwanjani na watoto hukaa mbele kwenye mchanga. Mpango wa namna hiyo katika uwanja wa shule Mabibo, na mwongozaji akae benchi moja na wapangaji wanaouliza majirani wako wapi, ungeipima filamu kwa namna ambayo jopo la majaji haliwezi.

Kipimo hicho hakimaanishi kwamba mtaa ukikataa, basi filamu imekosea. Mtaani yupo mwenye nyumba anayebadilisha kodi apendavyo, yupo askari wa doria anayekula fedha ya machinga, yupo baba aliyeikimbia familia. Hao watakasirika wakijiona, na hasira yao ni ile ya Daudi kabla hajaambiwa jina lake. Aliyetengeneza filamu ana wajibu wa kuzisikiliza hasira zote mbili na kuzitenganisha: ya aliyevuliwa sitara yake, na ya aliyefichuliwa dhuluma yake. Ya kwanza inadai aombwe radhi. Ya pili inadai filamu ionyeshwe tena.